Trei ya Thelathini

Shangazi Kerubo huuza mayai Kangemi,
karibu na fundi wa redio,
na kila alfajiri hesabu yake ni ileile:
tano kwenda, sita kushuka, trei imejaa.

"Thelathini ni namba ya watu," husema.
"Mje wawili, mje watatu, mje watano, sita,
mje kumi, mje kumi na watano:
hakuna atakayeondoka na nusu yai
wala atakayemtazama mwenzake kwa jicho la pembe."

Mutinda wa machungwa hana trei.
Huanza na kumi na sita chini, nne kwa nne,
juu yake tisa,
juu ya tisa nne,
juu ya nne moja, lenye jani.
Siku moja nilihesabu rundo lake kwa kidole.
Thelathini!
Nikacheka peke yangu;
fundi wa redio akadhani nimefurahia taarifa ya habari.

Usiku huo stima ilipotea.
Kwa mwanga wa mshumaa, nyuma ya daftari la madeni,
niliandika namba zote zilizo chini ya thelathini,
nikafuta kila inayochangia nayo kigawanyo
zaidi ya moja.
Zikabaki moja, saba, kumi na moja, kumi na tatu,
kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu, ishirini na tisa.
Ukiiacha ile moja, zote tasa.
Nikajaribu arobaini na mbili: ishirini na tano ikaniharibia.
Nikajaribu sitini: arobaini na tisa, hiyo hapo.
Kupita thelathini hakuna namba nyingine ya namna hii,
hata uhesabu nguzo za stima hadi Kisumu na kurudi.

"Zote nini?" akauliza Kerubo.
Kisu kikasimama juu ya kitunguu.
Neno hilo alilijua.
Lilisemwa Nyamira, mlangoni kwa mama mkwe,
mwaka wa sita wa ndoa,
na katika mizigo yote aliyokuja nayo Nairobi
ndilo lililokuwa jepesi, ndilo lililomchosha.

Nikasema: tasa ni namba isiyogawika
ila kwa moja na kwa nafsi yake.
Nikaona haya, kana kwamba mimi ndiye niliyelitunga.

"Na mbili? Na tatu? Na tano?"
"Tasa pia."
"Zikizidishwa?"
Niliandika kwenye kasha la kiberiti:
mbili mara tatu mara tano.
Akaitazama trei kandokando ya ukuta, kimya,
kisha akarudia kitunguu chake.
"Aliyezipa jina hilo
hakukaa aone zinazaa nini."

Kesho yake yai moja lilipasuka.
Mafundi watano wa mjengo walikuwa wamechanga pesa,
wakakuta ishirini na tisa.
Ondoa moja kwenye thelathini, tasa;
ongeza moja, thelathini na moja, tasa vilevile.
Namba ya watu imekaa kati ya wapweke wawili
na sikuwahi kuliona hilo.
"Wanne wabebe sita sita," Kerubo akaamua,
"wa tano abebe matano, na chumvi ni yangu."
Wakaondoka wakicheka.

Lile lililopasuka
alilikaanga kwenye jiko la mkaa,
akalila lote, amesimama,
bila kumgawia mtu.