Jumanne Isiyo na Mwenyewe

Saa tatu asubuhi, na mji wa Cullen haupo.
Ukungu ulipanda usiku kutoka baharini,
ukaimeza bandari, ukalimeza daraja la reli
lenye matao marefu, lisilopitiwa tena na treni,
ukatubakishia dirisha, birika,
na kunguru mmoja juu ya dohani ya jirani.

“Utaondoka kabla ya saa sita,” asema Bi Ishbel, mwenye nyumba,
akitukabidhi mayai aliyoyafunga kwa gazeti.
Amesema hivyo tangu Jumapili.

Senga, mke wangu, hajali.
Miaka thelathini na moja aliamshwa na kengele
akapange zamu za madereva wa mabasi kule Paisley.
Leo ameivua saa ya mkononi,
ameizika ndani ya kopo la sukari, akalifunga kwa nguvu,
nami nakunywa chai yangu hivyo hivyo, bila sukari,
kwa kuogopa kuifukua.

Siku hii haina mwenyewe. Tumeiokota tu.

Kwenye rafu tumekuta fumbo la vipande elfu moja:
mlima, ziwa, ng'ombe wenye njuga shingoni.
Twaunga pembe. Twaunga ng'ombe.
Twagombania kipande cha buluu:
ni ziwa, asema yeye; ni anga, nasema mimi.
Mlango unagongwa, hakuna anayetaka kuinuka.
(Aliyeinuka ni mimi. Ilikuwa barua ya mtu mwingine.)

Saa sita yaja, ukungu upo.
Saa saba, upo.
Basi twatoka nao, kama mgeni asiyejua kuaga.

Chini kule, nyumba za wavuvi zimeipa bahari ubavu,
kama watu waliooana zamani
wasiohitaji tena kutazamana.
Mgahawani twanywa supu ya samaki wa moshi,
viazi, maziwa, kitunguu,
nzito hata kijiko kinafikiri kabla ya kuzama.

Ufukweni kuna sauti tupu.
Mbwa anabweka, haonekani.
Mtu anaita, “Tattie! Tattie!”, naye haonekani.
Kisha ndani ya ule weupe anachomoza bibi
wa miaka themanini, au pungufu kidogo,
kofia ya kuogelea ya manjano, taulo begani,
miguu myekundu kama kamba aliyetoka chunguni.
“Maji yakoje?” auliza Senga.
“Matamu,” ajibu, meno yakigongana.

Tukalichukua neno lile, tukalitumia mchana kutwa.
Aiskrimu tuliyolamba ndani ya makoti: tamu.
Benchi lililolowa: tamu.
Upepo uliomwingia Senga shingoni: mtamu, mtamu,
Mungu amlaani aliyeuleta.

Halafu, saa kumi na moja, bila tarumbeta,
likatokea boya jekundu.
Likatokea jabali, na la pili, na la tatu,
yale wayaitayo Wafalme.
Likatokea daraja, tao baada ya tao,
kana kwamba mtu analijenga upya mbele yetu.
Mzee aliyekuwa akipaka rangi dirisha
akasimama na brashi yake ikidondosha kijani barazani.
Hakusema kitu. Wala sisi.

Jioni twala chipsi ukutani pa bandari.
Shakwe ananyakua ya mwisho mkononi mwangu,
na Senga, badala ya kunionea huruma,
anampigia makofi.

Saa nne usiku, bado kweupe.
Jua linasitasita ukingoni
kama mtoto aliyeambiwa mara tatu akalale.
Fumbo limekamilika, isipokuwa tundu moja angani.
Twatafuta chini ya zulia, ndani ya viatu.
Ndipo Senga anageuza kifuniko cha sanduku,
na pale ndani, kwa kalamu na miandiko mbalimbali:
Kimoja hakipo. Akina Geddes.
Kweli hakipo. Sisi wa Dundee.
Tumemshuku mbwa.
Naye anaandika chini yao, polepole, kwa herufi kubwa:
Hatukukitafuta sana.

Ndani ya kopo la sukari
saa inatembea peke yake.