Magazeti ya Kilo

Mimi mwaka naununua kwa kilo.
Elfu moja mia tano, kule Mtumba, kwa Ndahani
anayefagia ofisi ambazo viti vyake hajawahi kuvikalia.
Hunifungia kwa kamba ya katani,
Juni juu ya Februari, Oktoba chini ya Machi,
nami hupanda magari mawili mpaka Mpunguzi
na nchi nzima mapajani.

Kazi yake huku ni kufungia zabibu.

Kwa hiyo habari zangu huja zimepinduka.
Leo asubuhi bajeti imesomwa,
mkoba wa waziri umelowa maji ya zabibu.
Petroli imepanda. Nikaguna.
Nikafunua la pili, la wiki iliyotangulia,
kumbe haijapanda bado.
Nikafurahi dakika nzima.

Treni ya umeme imefika Dodoma mara nne,
kila kilo inafika upya, na ngoma zile zile.
Timu ya taifa imefungwa dakika za majeruhi
kabla haijapanda ndege.
Sukari imeadimika, imeonekana, imeadimika.
Karani wa sensa, kishikwambi mkononi,
ananiuliza walio ndani ni wangapi,
nami nimemkalia, nachambua vishada.

Kuna katibu mkuu aliapishwa Jumatano.
Kutenguliwa kwake nilishakusoma tangu juzi.
Katika nchi yote hii ni mimi peke yangu,
mwenye kucha za vumbi la salfa,
niliyejua asijisumbue kubadili mapazia.

Kwetu mwaka una kurasa mbili tu:
mavuno ya Machi, mavuno ya Septemba.
Katikati ni ubwiriunga,
na mnunuzi wa kiwanda anayesema tangi limejaa,
njoo kesho.

Basi ilikuwa Septemba, kilo ya pili.
Ukurasa wa kumi na moja, chini ya tangazo la magodoro,
mistari minne. Niliihesabu kwa kidole.
WAWILI WASOMBWA NA MAJI DODOMA.
Jina la korongo wamelikosea.
Siku wamepatia.
Mwanamke mmoja, wanasema, na mwendesha baiskeli.

Mwendesha baiskeli sikumjua, Mungu amrehemu.
Mwanamke mmoja alikuwa Damari Chilewa,
ambaye mkasi wake wa kupogolea
uliamka kabla ya jogoo wetu,
aliyecheka kwa pua,
aliyenidai debe la uwele na hakunikumbusha.
Alikuwa anavuka kunirudishia ungo.
Ungo tuliuokota Jumapili, mbali, kwenye mwiba,
mzima kabisa, una mchanga laini ndani
kama kuna mtu alikuwa anapepeta.

Nikalikunja gazeti. Nikalikunjua.
Basi la Iringa likasimama, vioo vikaanza kugongwa,
mama, mama wa zabibu.

Ningeliweka. Ningeliweka wapi?
Nyumbani kwangu mchwa wanasoma kila kitu.

Nikamwomba utingo kalamu.
Pembeni mwa ile mistari minne nikaandika: Damari.
Nikaona haitoshi. Damari Chilewa, wa Mpunguzi.
Wino ukagoma kwenye herufi ya mwisho,
nikakandamiza mpaka karatasi ikatoboka.
Utingo anasema mama, unaandika barua?
Nikamrudishia kalamu yake.

Halafu nikachagua vishada vinne, vyeusi, visivyo na doa,
vya mstari alioupanda yeye kule bondeni,
nikafungia, maandishi ndani,
ili mtu ayafikie akimaliza kula.

Alikuwa kijana wa shati la kijani, anakwenda Mafinga.
Alipokea dirishani, akapima uzito kwa kiganja,
akaniangalia kama mtu aliyeibiwa.
Mama, ongeza kidogo basi.

Nikamwongezea.