Inchi Moja na Robo

Fulana mia mbili na kumi nilizishona mimi,
rangi ya waridi, jora la Barabara ya Biashara.
Yako niliishona mwisho, usiku, umelala,
upande wa kushoto nikaupunguza
inchi moja na robo,
ilale vizuri pale palipobaki bapa.

Sikukupima.
Miaka kumi na tisa nimekupima kwa futi hii
iliyopauka nambari,
na tangu wakukate kule Makadara
nakisia tu: jicho laiba, mkasi wakubali.

Siku ya kwanza, Kilifi hadi Vipingo,
mkonge kulia, mkonge kushoto.
Nilidhani nitakubebea maji, Mwanamkasi.
Kufika adhuhuri mwenye malengelenge ni mimi,
nawe umepiga magoti, wanitoboa kwa sindano yangu mwenyewe:
"Fundi mzima, hajui kiatu chake nambari ngapi?"

Siku ya pili sikumbuki kitu ila visigino vyako.

Ya tatu tulivuka daraja la Mtwapa tukiimba,
Shanzu tukanyamaza,
Bamburi kijana wa bodaboda akapunguza mwendo:
"Hiki chama gani? Na mwalipwa ngapi?"
Ukacheka mpaka ukashika mti.

Kongowea jasho lilikushinda.
Ukaingiza mkono shingoni,
ukalitoa lile titi la sufi nililokushonea,
ukaniwekea kiganjani mbele ya soko zima,
limerowa, vuguvugu kama mkate wa mofa.
"Shika. Latembea kuliko mimi."

Na muuza nyanya aliyekuwa akitupigia vigelegele
akakatiza katikati.
Akaigeukia mizani kana kwamba apima,
lakini mkono ulikuwa chini ya leso,
wazunguka polepole, kwapani, chini, tena kwapani,
kama wa mtu atafutaye funguo gizani.
Hakusema alichokipata.
Alitutilia hamsini mkebeni, akauliza, bila kututazama,
"Hospitali hufungua saa ngapi?"

Juu ya daraja la Nyali upepo uliivamia fulana yako.
Kulia ikakuganda,
kushoto ikapepea, pana, kama imening'inia kambani.
Nilikuwa nimekosea.
Watu wakitupita huku na huku,
nikaitoa futi mfukoni, nikaishika tu, sijui nifanyeje.

Ukageuka. Ukaiona.
Ukasimama palepale, ukanyanyua mikono
kama mteja.