Mteremko wa Shaame

Boksi lilitoka Maskati, likafika Wete limebonyea pembe,
likapanda kilima juu ya gari ya ng'ombe,
ubavuni picha ya watoto wanarushiana maji.
Bwawa lisilochimbwa: bati, plastiki na vyuma,
la kusimama juu ya ardhi kama sufuria.
Asaa kawatangulizia wanawe, watakuja likizo.
Mama yake, Bi Mize, akaniita:
"Faki, karatasi yasema pawe sawa.
Nitafutie pa sawa."

Pa sawa, Pemba!
Hapa mtoto akidondosha ndimu jikoni
huifuata mpaka kwa jirani.
Akanionesha uwanja wa nyuma, wa kuanikia karafuu.
"Miaka arubaini marehemu Shaame kaanika hapa.
Si sawa huu?"

Jicho lilisema sawa.
Mguu ulisema sawa.
Nikatoa mpira wangu wa maji, ule unaoonesha ndani,
ncha moja mimi, ncha ya pili mjukuu wake Khatibu,
tukapiga mambo, tukafunga uzi,
tukangoja vipovu vitoke
na maji yatulie, yaseme neno lao.
Yakasema: kiganja na vidole viwili.
Kwa mkarafuu juu, kwa kisima chini.

"Basi jaza huko chini."
Hapajazwi, mama. Udongo wa kujaza ni mgeni,
leo umekaa, kesho tani kumi za maji
zikiukalia utaaga,
na bwawa litawamimina wajukuu kisimani.
Panachongwa. Aliye juu ndiye hushushwa.
Akacheka: "Hilo kawaambie wakubwa."

Msumari katikati, uzi hatua tatu,
nikazunguka mpaka duara likabaki chini.
Sururu. Pauro. Karai.
Ndago kwanza, kokwa kwa kokwa,
maana ndago haina adabu, hutoboa plastiki
kama sindano ya mshona magunia.
Kisha vigae, kokoto, kifungo cha shati.
Shubiri moja chini udongo ukageuka rangi
na harufu ikanipanda puani:
makonyo,
makonyo ya misimu iliyokwisha kuliwa,
yamekuwa udongo na bado yanauma.
Bi Mize akatokea mlangoni, mwiko mkononi.
Hakusema kitu.

Chini ya harufu, mawe.
Si mawe ya kuzaliwa pale. Yamepangwa:
kwa mkarafuu matabaka matatu,
katikati mawili,
kwa kisima moja.
Nikakaa juu ya karai nikayatazama.
Kumbe ardhi haikuinama. Iliinamishwa.
Mvua ya ghafla ikizikuta karafuu nje,
maji yateremke yende zake
kabla jamvi halijanywa.
Kiganja na vidole viwili:
kipimo cha mtu aliyewahi kupoteza msimu mzima
kwa wingu moja.
Nami, fundi wa miaka ishirini na tatu,
nikaona haya, nafuta kazi ya mwenzangu
bila ya kumuuliza.

Nikaenda kumwambia.
"Mawe hayo," akasema, "nilibeba mimi,
na mimba ya Asaa tumboni.
Sikumuuliza ya nini, wala hakunambia."
Akageuza mchuzi.
"Chonga."

Nikachonga. Nikashindilia kwa gogo
mpaka mabega yakaniomba radhi.
Ubao mrefu, pimamaji juu yake:
kipovu kikakaa katikati, hakikupepesa.
Mchanga wa kuchekecha ukangoja guniani, wa kumwaga kesho.

Usiku huo vuli ikapiga.
Asubuhi tulikuta maji yamesimama,
kina cha ukucha, kila mahali ukucha,
hayajui pa kwenda.
Khatibu akaingia na viatu vyake vya skuli,
akaruka, akatuchafua sote.

Bi Mize akaliendea rundo la mawe kando ya kisima,
akanyanyua hili, akaweka, akanyanyua lile.
Akachagua moja, akalipangusa kwa kanga,
akaenda kuzuilia mlango wa jiko.