Mguu wa Kushoto, wa Mbele

Asubuhi ya Aprili, Jamhuri, tope limefika vifundoni.
Kashata amesimama kama mlango uliovimba kwa mvua.
Nainama. Napitisha kiganja begani, gotini, kwenye kano,
nabana kidogo juu ya kifundo kama nilivyofunzwa,
nasema, "Haya, lete."
Haleti.
Mguu umeota mizizi.

Ekiru, msimamizi, anapita na ndoo ya pumba:
"Huyo ni jeuri tu. Anakupima. Msukume kwa bega."
Namsukuma. Kilo mia tano zinanirudishia salamu,
na gambuti yangu ya Toi inabaki topeni bila mimi.

Labda ni inzi.
Labda ni ile ndege ndogo inayoshuka Wilson,
inayokwaruza anga juu ya mabati yetu.
Kiumbe aliyeumbwa kukimbia hakukabidhi mguu
huku kitu kinanguruma juu ya kichwa chake.
Wewe ungemwazima nani viatu vyako usiku,
ukisikia geti linatikiswa?

Au ni kumbukumbu. Alitujia kutoka kwa watu wa mashindano
na ukanda wa nywele nyeupe nyuma ya kifundo,
zile zinazoota pale kamba ilipokula ngozi.
Kuna mtu aliwahi kuufunga mguu huu akauvuta juu
hadi mnyama akaenda chini. Nadhani.
Farasi huja na karatasi za babu zake wote
wala hamna mstari mmoja wa yaliyompata yeye.

Nikamwita Munyoki, fundi wa nali,
mwenye aproni ya ngozi iliyotobolewa na cheche.
Hakugusa mguu wowote.
Alikalia ndoo, akanywa chai yangu yote,
akamtazama Kashata akisimama tu.
"Umeona anavyoulegeza ule wa kulia?"
"Lakini anayoninyima ni wa kushoto."
"Ndiyo," akasema, kana kwamba nimemjibu.

Kwarara wakapita wakilalama kuelekea msituni.
Munyoki akainama upande wa kulia, akaomba,
akapewa papo hapo, mwepesi kama sahani.
Na ndani, loo.
Wiki tatu za mvua zimeoza humo, nyeusi,
harufu ya kitu kilichosahauliwa chini ya kabati,
na kijiwe, kidogo kuliko punje ya mahindi,
kimejikalia kama mpangaji wa siku nyingi.

"Ukimwomba wa kushoto," akasema, akikichokoa,
"unamwambia abebe mwili mzima juu ya hiki."

Wiki ile ile dada yangu Kageha aliniomba elfu mbili.
Nilikuwa nazo. Nikamnyima.
Akaniita mgumu, akakata simu,
na hakukosea, kwa alivyoona.
Hakuuliza nimesimamia nini.
Wala mimi sikumwambia habari za kodi,
za notisi iliyobandikwa mlangoni kwa gundi ya unga.
Nilikaza mguu tu, nikatazama kando.

Siku tisa nilikiosha kidonda kwa maji ya chumvi
na dawa iliyonipaka vidole rangi ya kutu.
Siku tisa sikumwomba wa kushoto hata mara moja;
nilipita nikaugusa, nikaenda zangu,
naye akageuza sikio moja tu, la upande wangu,
lile lingine akaliachia Ngong Road.

Siku ya kumi nikasema, polepole, "Haya."
Akafikiri. Niliona akifikiri:
uzito ukahama, bega likashuka,
na ukwato ukaja kiganjani, mzito, wa moto,
ukiwa na majani mawili ya nyasi yaliyonata.

Ekiru akapita. "Unaona? Jeuri imemtoka."
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu pumzi zake.
Moja. Mbili. Ya tatu ikaanza kukatika,
na kabla hajauvuta niliushusha mwenyewe,
nikauweka pale pale nilipoutoa,
kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani
akiwa ameiosha.