Usiku wa Kuamkia Ngara

Mezani, Buruburu, saa tano na robo.
Blanketi la kijani nililonunua Gikomba
limekuwa nchi.
Vilima nimevikata kwenye povu gumu
lililokuja na friji ya jirani,
mto ni utepe wa fundi cherehani,
na daraja, daraja lenyewe, ni rula ya Mumo
iliyovunjika kwenye sentimita ya kumi na saba.

Kesho saa nne, ukumbini Ngara,
nitakaa uso kwa uso na Bi Akeyo,
muuguzi mstaafu, miwani ya kamba,
mtu asiyeandika mpango popote.
Mimi naandika. Daftari la hesabu, la miraba,
kurasa mbili kwa kila zamu:
mota zipige hapa, moshi utande pale,
vifaru viwili vijifiche nyuma ya mahindi
(mahindi ni nyuzi za ufagio)
mpaka atakaponyoosha shingo.

Atainyoosha vipi?
Hapo ndipo nilipokwama tangu magharibi.
Mchana kazi yangu ni kupanga malori, Viwandani.
Najua mvua ikinyesha
lori la Nakuru halitoki hata ulitukane,
kwa hiyo sidanganyiki na mishale ya penseli.
Mshale hauna matope. Mshale haungoji mafuta.
Kila mshale nauuliza: na dadu ikianguka moja?
Na ikianguka moja tena?

Bi Akeyo ananijua.
Anajua nalinda daraja
kama mtu anayelindia mwenzake kiti harusini,
anajua kikosi cha akiba sikitoi
mpaka hakuna tena cha kuokoa.
Mara ya mwisho alicheka:
"Wewe Nzomo, akiba yako itakuja kuoza."
Basi usiku huu sipigani naye.
Napigana na yule Nzomo anayemfahamu.

Saa sita kasoro, umeme ukaenda zake.
Nikawasha mshumaa, nikauweka mashariki,
na kilima cha kushoto kikatupa kivuli
kirefu, juu ya kivuko nilichokuwa nakidharau.
Kumbe.
Toka kwake, kivuko hakionekani.

Kikosi cha pili kipande kilimani, wazi, kwa kelele,
kimwite. Atakuja na kila kitu,
nani asiyekuja akiona mgongo wa mtu?
Na akiba yangu ivuke chini, kimya, maji magotini,
izuke nyuma ya mota zake.
Zamu ya tano, daraja ni letu.

Nikapiga hesabu ya chambo.
Watu kumi na wawili. Kwa wastani wa dadu
watarudi wawili,
na hao wawili ni ukarimu wa penseli.

Bi Akeyo ana kopo la biskuti.
Askari akianguka, wake au wangu,
hamsukumi kando kama tufanyavyo sisi wengine.
Humwokota kwa vidole viwili, humpuliza vumbi,
humlaza ndani, juu ya pamba.
Hasemi kitu. Miaka thelathini na mitatu ya wodi.
Mwanzoni nilidhani ni mzaha.

Kikosi cha pili nilikipaka rangi kwenye benchi
nje ya wodi alimolazwa mama,
brashi ya nywele tatu, kifuniko cha soda ndicho kisahani.
Ndiyo maana kofia zao zimepinda.
Mmoja hana jicho la kushoto:
jina la mama liliitwa dirishani, mkono ukaruka.
Ni risasi na gundi tu, najiambia,
risasi ya kuyeyushwa, si ya kuua.

Nikafuta. Nikaandika: kikosi cha tano kilimani,
kile cha dukani, kisicho na habari yoyote.
Nikakitazama kikosi cha tano.
Nacho kikanitazama.

Mshumaa umebaki kidole kimoja.
Wahenga walisema mipango si matumizi;
hawakusema mpangaji alale saa ngapi.
Mstari wa kilima nimeuacha mtupu,
na mkobani, kando ya dadu na rula iliyovunjika,
nimetia pamba.