Pazia

Miaka tisa nilibeba makabrasha Jumba la Jiji.
Nyumba moja, siwa moja, chai moja saa nne.
Hoja huingia asubuhi,
jioni imekuwa sheria, haijavua hata kofia.
Naikumbuka ile Jumatano ya ada ya vibanda:
"Wanaokubali?" Ndiyo ikatetemesha vioo.
"Wanaopinga?" Mtu mmoja akakohoa,
na kikohozi hakihesabiwi.
Alhamisi, askari wa kanjo walikuwa sokoni
wakiikokota cherehani ya Mbithe wangu
kama mbuzi aliyekataa mnada.

Sasa ni tarishi wa nyumba mbili.
Mswada wa Mitaro niliupokea Februari,
kurasa kumi na nne, bado zina joto la mashine.
Toka zulia la kijani hadi zulia jekundu
ni hatua mia mbili na kumi, nimezihesabu,
lakini mswada huzitembea kama mdaiwa.
Wa kule walifuta "lazima", wakaandika "inapowezekana".
Wa huku wakairudisha "lazima", wakang'oa koma sita.
Ikaundwa kamati ya upatanishi,
kamati ikakosa akidi,
mwenyekiti yuko safarini, anajifunza mitaro ya wenzetu.

Aprili, mvua haikungoja kusomwa mara ya tatu.
Iliingia kwetu Kariobangi bila hodi,
ikapanda godoro, ikaondoka na kiatu cha mtoto, kimoja tu.
Na mswada kwapani mwangu, mkavu kama kaukau.

"Nyumba mbili za nini," Mbithe akauliza akikamua blanketi,
"na sisi hata moja kodi inatutoa jasho?"
Sikuwa na jibu. Nilishika ndoo.

Chumba chetu kina pazia katikati:
huku jiko na mitungi, kule kitanda.
Mwezi uliofuata, huku, kando ya jiko,
tuliamua Syombua aache shule, karo imetushinda.
Kura mbili kwa sifuri.
Mwenyewe alikuwa nje anaanika sare.
Tukavuka pazia, tukazima taa.
Nikamsikia Mbithe akigeuka,
akigeuka tena.
Mbwa wa jirani akabweka, akachoka.
Ndipo aliposema, kwa sauti ambayo kando ya jiko hana:
"Kivuva, lile neno letu. Turudi tulitazame."

Asubuhi Syombua aliondoka, sare mbichi mabegani.
Karo? Hatujui bado.

Siku hizi Mbithe haulizi habari ya nyumba mbili.
Anauliza kamati imekaa siku ngapi.
Pazia lina mstari wa tope, kimo cha goti,
na amekataa katakata kulifua.
Siku mwenyekiti wako akirudi, ananiambia,
litungue, ulikunje vizuri,
umpelekee pamoja na mswada.
Liwe kiambatisho.